Kipimo cha retrovirusi kwenye seli kimeleta jibu lisiloeleweka: pa kuanzia kutafuta

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu mnaokuza seli Unguja na Pemba, mkatakiwa mjibu swali kabla kazi nyengine yoyote haijaendelea: seli hizi zina retrovirusi, yaani virusi vya ukoo wa VVU vinavyoandika RNA yao kuwa DNA, au hazina? Swali ni fupi, lakini ndani yake mna maswali matano. Kipimo cha RT (reverse transcriptase) kinauliza kama kuna kimeng'enya kinachoandika DNA kutoka kwenye RNA. PCR, njia ya kuzidisha DNA mzunguko kwa mzunguko, inauliza kama kuna kipande fulani cha jeni. ELISA, kipimo cha kingamwili kinachotoa rangi, inauliza kama kuna protini ya virusi, kwa mfano p24 ya VVU. Hadubini ya elektroni inauliza kama kuna chembe yenye umbo na ukubwa wa retrovirusi, yaani nanomita 80 mpaka 120 hivi. Na kupandikiza kwenye seli nyengine kunauliza jambo ambalo khasa ndilo tunalotaka kulijua: hicho kilichomo kinaambukiza?

Matokeo mengi yanayotia watu wasiwasi huanzia hapo. Mtu ameuliza swali moja, akapokea jibu, akalisoma kama jibu la swali jengine. Kwa hiyo kabla hujalaumu mashine au seli, andika kwenye daftari ni swali lipi kati ya hayo matano kipimo chako kimeuliza.

Kimeng'enya cha RT ndicho kitambulisho cha ukoo mzima wa retrovirusi. Mwaka 1970 Howard Temin na Satoshi Mizutani kwa upande wao, na David Baltimore kwa upande wake, walionesha kuwa kimo ndani ya chembe za virusi, na mwaka 1975 Temin na Baltimore walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. VVU yenyewe ilipatikana kwa njia hiyo. Mwaka 1983, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, kundi la Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier lilikuza seli za tezi la mgonjwa, likawa linayapima maji ya juu ya seli hizo kila baada ya siku chache mpaka shughuli ya RT ikajitokeza.

Siku hizi tunatumia aina ya kipimo hicho iliyounganishwa na PCR, wanayoiita PERT. Sampuli hupasuliwa kwa sabuni ya maabara, ikapewa RNA ya MS2, kirusi cha bakteria wa E. koli, iwe kiolezo. Kama RT imo, itaiandika RNA hiyo kuwa DNA, kisha PCR itaizidisha DNA hiyo mpaka ionekane. Unyeti wake unaweza kuzidi wa kipimo cha zamani mara milioni. Humo mna faida yake, na humo mna taabu zake, kwa sababu kipimo kinachoona kidogo namna hiyo huona pia uchafu ambao vipimo vyengine havionyeshi.

Jambo moja la usalama kabla hatujaingia ndani. Ninachokieleza ni kukagua seli za kukuzwa, si kukuza VVU kwa makusudi. Kukuza VVU hai kunataka chumba, mafunzo na taratibu za ngazi ya juu zaidi, na hakufanywi kwenye hudi (kabati lenye upepo uliochujwa) ya kawaida eti kwa sababu ipo. Hata seli zinazosemekana ni salama zichukulie kuwa zina kitu mpaka zithibitishwe. Ukijichoma na sindano yenye damu au sampuli ya binadamu, osha kwa maji na sabuni bila kuminya, toa taarifa, uende ukaanzishiwe dawa za kinga mapema. Mwisho wake ni saa 72, na dawa zenyewe humezwa siku 28. Usingoje kumaliza kazi ya siku hiyo.

"Dada, hata maji yamekuja chanya"

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu kuliko zote, na anayeileta huwa amekwishakata tamaa. Anakusudia kisima cha maji matupu, ambacho kilitakiwa kiwe hasi. Kabla ya kutupa chochote, uliza: yamekuja chanya kwenye mzunguko wa ngapi wa PCR? Maji yanayojitokeza mzunguko wa 38 na maji yanayojitokeza mzunguko wa 24 ni matatizo mawili yasiyohusiana, kwa sababu kadiri mzunguko ulivyo mdogo ndivyo kilichomo kilivyo kingi.

Weka visima vya aina tatu kwenye sahani moja, kila aina visima vitatu. Aina ya kwanza tia mchanganyiko wa PCR na maji tu, bila RNA ya MS2. Ya pili tia mchanganyiko wa PCR na RNA ya MS2, lakini uiruke hatua ya RT. Ya tatu pitisha hatua zote kama sampuli, ila pahala pa sampuli tia bafa ya kupasulia peke yake.

Ikiwa aina ya kwanza ni chanya, DNA iliyozidishwa siku za nyuma imeingia kwenye vitu vyako vya PCR au inaelea chumbani. Maabara zetu nyingi ni za chumba kimoja au viwili, na joto la Kaskazi linapopanda kiyoyozi kinafanya kazi mchana kutwa. Simama mbele yake uangalie upepo unapita wapi. Nimeona chumba ambacho upepo ulitoka kwenye mashine ya PCR ukaenda moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia. Ukilikuta hilo, kuhamisha meza kunafaa kuliko kununua kasha jipya la vitendanishi. Kisha weka sharti lisilo na msamaha: mrija ukishatoka kwenye mashine haufunguliwi humo chumbani, abadani. Futa meza na pipeti kwa dawa ya klorini iliyochanganywa siku hiyo hiyo, halafu kwa maji, kwa sababu alkoholi peke yake haiharibu DNA. Maabara inayoweza itumie dUTP badala ya dTTP pamoja na kimeng'enya cha UNG, ili mabaki ya PCR za nyuma yakatwe kabla mzunguko wa kwanza haujaanza.

Ikiwa ya kwanza ni hasi na ya pili ni chanya, shaka inaangukia RNA ya MS2. Ama imechanganyika na DNA, ama kimeng'enya cha Taq, kile kinachofanya kazi ya PCR, chenyewe kinaisoma RNA. Taq ina uwezo mdogo wa RT, na kwenye kipimo chenye unyeti huu uwezo huo hujitokeza, kwa kawaida mwishoni mwa mizunguko. Kuzitenganisha sababu mbili hizo ni rahisi: tia RNezi (kimeng'enya cha kukata RNA) kwenye RNA ya MS2 kabla ya PCR. Alama ikipotea, Taq ilikuwa inaisoma RNA, na dawa yake ni kuifanya RNezi kuwa hatua ya kudumu baina ya RT na PCR. Alama ikibaki vile vile, kuna DNA. Badilisha toleo la MS2.

Ikiwa ni ya tatu peke yake iliyokuja chanya, kuna kimeng'enya cha RT kimeingia kwenye bafa. Hapa watu huzunguka sana, na jibu mara nyingi liko kwenye friza hiyo hiyo. Tangu janga la UVIKO-19 karibu kila maabara ya molekuli ina vifaa vya kupima RNA, na vingi kati ya vifaa hivyo hutumia RT iliyotokana na MMLV, kirusi cha lukemia ya panya. Yaani unatafuta kimeng'enya cha retrovirusi kwenye meza ambayo mwenzako asubuhi alifungua mrija uliojaa kimeng'enya hicho hicho kwa wingi usio na mfano kwenye sampuli yoyote. Tone moja kwenye shingo ya pipeti linatosha. Pipeti za PERT ziwe za PERT tu, zitiwe alama ya rangi, zitumiwe na tipu zenye kichujio, na bafa igawiwe kwenye mirija midogo siku inapotengenezwa. Ndiyo njia pekee niliyoiona inadumu.

Kontroli chanya nayo imekuja hasi

Kontroli chanya ni sampuli unayojua ina RT; ikija hasi usiguse seli kabisa. Tatizo liko kwenye vitendanishi, maji au umeme, na nafuata mpangilio huo huo kinyumenyume: umeme kwanza.

Sisi ni watu wa visiwa, na vimeng'enya vyetu hufika vimevuka bahari. Kasha linaweza kuondoka Dar es Salaam likiwa na barafu kavu ya kutosha, boti ikafika Malindi kwa wakati, kisha likakaa likisubiri karatasi. Ukilifungua ukakuta barafu kavu imekwisha na pakiti za jeli zimelainika, usilitie kwenye friza na kunyamaza. Andika saa uliyolifungua, piga picha, pima joto la ndani, halafu fanya jaribio dogo la kontroli kabla ya kuliingiza kwenye kazi. Pemba kuna safari nyengine tena mpaka Mkoani, kwa hiyo anayepokea huko ahesabu muda tangu kasha lilipofungwa, asihesabu tangu lilipotoka Unguja.

Kuhusu umeme, wakubwa wanakumbuka kukatika kwa Unguja nzima mwaka 2008 kwa karibu mwezi, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, njia ya umeme wa kutoka bara ilipoharibika. Kukatika kwa namna hiyo kila mtu hukuona. Kunakoharibu kipimo kimya kimya ni kule kwa usiku mmoja, jenereta ikachelewa kuwaka, asubuhi friza ikasomeka nyuzi 20 chini ya sifuri kama kawaida.

Wengi wetu tumefundishwa kuweka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake: ukikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka. Endelea nayo, lakini ujue inakwambia nini. Maji huyeyuka kwenye sifuri. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikipanda mpaka 5 chini ya sifuri ikakaa hapo usiku kucha, sarafu haitasogea hata kidogo, na virusi vyako vitakuwa vimeumia. Sarafu iliyozama ni ushahidi wa kuharibika. Sarafu iliyobaki juu si ushahidi wa usalama. Kipimajoto kinachojirekodi chenyewe bei yake ni ndogo ukilinganisha na kasha moja la vimeng'enya, na ningekinunua kabla ya vitu vingi vinavyoombwa kwenye bajeti.

Baada ya umeme, maji. Maji ya ardhini Unguja yanatoka kwenye miamba ya chokaa, na anayechemsha birika nyumbani anaujua ukoko mweupe wa chini. Ukoko huo ndio unaomaliza vichujio vya mashine ya maji safi mapema kuliko kitabu cha mashine kinavyosema. Angalia namba ya ukinzani kila asubuhi. Maji safi kabisa ni megaohmu-sentimita 18.2, na yakianza kushuka badilisha kichujio bila kungoja tarehe. Kalsiamu na magnesiamu zikiingia kwenye bafa, uwiano wa chumvi ambao kimeng'enya cha RT kinautegemea unavurugika.

Halafu kuna RNezi. Iko kwenye ngozi, kwenye jasho, kwenye vumbi, na haifi kwa uhakika kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke). Maji yaliyopitishwa humo ni safi kwa bakteria, lakini yanaweza kuila RNA yako ya MS2 yote. Tumia maji yanayouzwa kwa kazi ya RNA, mirija ambayo mfuko wake haujawahi kuingizwa mkono mtupu, na glavu mpya kila unaposhika mlango. Wakati wa masika ongeza jengine: mrija wa unga mkavu ukitoka kwenye friza usiufungue mpaka ufikie joto la chumba. Unyevu wa hewa yetu hugandamana ndani yake papo hapo, na kilichobaki cha unga huo hakitafanya kazi wiki inayofuata.

Kontroli ni sawa, lakini seli zinatoa alama dhaifu

Hili ndilo eneo gumu, na ndilo linalotaka uvumilivu. Alama inakuja mzunguko wa 33 au 34, leo ipo, kesho haipo, visima viwili chanya kimoja hasi. Wengi hukimbilia kuita virusi vya kiwango cha chini. Mimi nakimbilia chupa ya seli.

Itie chini ya hadubini uiangalie kwa utulivu. Maji ya kukuzia yamegeuka manjano? Seli zimejaa mpaka zinapandana, nyengine zimejivuna na kuelea? Basi uliyoyapima ni maji ya seli zinazokufa. Seli ikipasuka humwaga polimerasi zake za DNA (vimeng'enya vya kunakili DNA), na polimerasi hizo zina uwezo mdogo wa kuisoma RNA ya MS2. Kipimo hakiwezi kujua kimeng'enya kimetoka kwenye virusi au kwenye kiini cha seli. Anza upya kwa seli changa, vuna baada ya siku mbili au tatu zikiwa hai zaidi ya asilimia 90, zungusha taratibu kuondoa seli, kisha pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.45. Kamwe usigandishe chupa nzima na seli zake ndani ukitegemea kuzitenganisha baadaye. Barafu itazipasua zote.

Alama ikiendelea, tia DNA iliyoamilishwa ya tezi la ndama kwenye mchanganyiko wa RT. Polimerasi za seli huishughulikia hiyo na kuiacha MS2, wakati RT ya kweli haijali sana. Alama ikishuka kwa kiasi kikubwa baada ya hapo, ilikuwa ya seli. Ukiweza kupata mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa, ishushe chembe chini na upime masimbi na maji ya juu mbali mbali: RT ya virusi itashuka na chembe, polimerasi zilizomwagika zitabaki juu kwa wingi.

Na maikoplazma, bakteria wadogo mno wanaochafua seli za kukuzwa. Sijui niseme mara ngapi. Haionekani kwa hadubini ya kawaida, haivurugi maji, na inapita kwenye kichujio cha 0.45 bila taabu. Ina polimerasi zake, ina vimeng'enya vya kukata RNA na DNA, kwa hiyo inaweza kuleta alama isiyokuwepo na inaweza pia kuifuta iliyopo. Seli ambayo haijapimwa maikoplazma haistahili kupimwa retrovirusi. Ikikutwa nayo, iondoe na uanze na akiba nyengine. Usikae kuitibu kwa antibayotiki huku ukiendelea kutoa majibu.

RT hasi, PCR chanya

Kama PCR yako ni ya DNA ya seli, jibu hili mara nyingi halina ajabu yoyote. Retrovirusi huandika jeni zao ndani ya jenomu ya mwenyeji, na zikiingia kwenye mbegu za uzazi hurithiwa. Karibu asilimia 8 ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya namna hiyo. Seli za Vero, ambazo maabara nyingi huzitumia kutafutia virusi vya homa mbali mbali, zilitolewa mwaka 1962 kwenye figo ya tumbili wa kijani huko Japani, na zimejaa mfuatano wa retrovirusi wa kurithi wa nyani uitwao SERV. (Tumbili wa Pemba ni jamaa wa karibu wa huyo.) Ukiitafuta SERV kwenye DNA ya Vero utaipata kila siku, na hilo halikwambii kama kuna chembe inayotoka.

Geuza swali. Chukua maji ya juu yaliyochujwa, yatibu kwa kimeng'enya cha kukata DNA, toa RNA, kisha fanya PCR mara mbili: mara moja na hatua ya RT, mara moja bila hiyo. Alama ikitokea zote mbili kwa namba inayokaribiana, bado unasoma DNA ya seli. Ikitokea yenye RT peke yake, kuna RNA, na hapo ndipo pa kuanza kushughulika. Kumbuka kuwa tofauti ya mizunguko 3.3 ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo usiseme "zinakaribiana" kwa kukisia.

Ikiwa kilichopatikana ni kirusi cha panya ndani ya seli za binadamu, simama kabla ya kumwambia mtu. Historia ya XMRV ni ya kusomwa na kila anayeshika pipeti. Mwaka 2006 kilitangazwa kuwa kirusi kipya cha binadamu kinachohusiana na saratani ya tezi dume, na mwaka 2009 makala katika jarida la Science ikakihusisha na ugonjwa wa uchovu sugu. Wagonjwa waliamini wamepata jibu, na wako waliotumia dawa za VVU kwa ajili hiyo. Baadaye ikaonekana kuwa kirusi hicho kilizaliwa maabarani, retrovirusi mbili za kurithi za panya zilipoungana wakati uvimbe wa binadamu ulipokuwa ukipitishwa kwenye panya; seli za 22Rv1 zilizotokana na uvimbe huo zinakimwaga kwa wingi. Maabara nyengine zilikuta DNA ya panya kwenye vitendanishi vyao vya PCR, kwa sababu kingamwili zinazozuia Taq isianze mapema hutengenezwa kwa seli za panya. Mwaka 2011 Science iliiondoa makala ile. Kinga yake si ghali: kila sampuli inayotoa alama ya kirusi cha panya ipimwe pia kwa PCR ya IAP, mfuatano uliojirudia maelfu ya mara kwenye jenomu ya panya. IAP ikiwa chanya, una DNA ya panya mzima, na kirusi chako ni sehemu yake tu.

RT chanya kweli, lakini haiambukizi chochote

Umeondoa uchafu, seli zilikuwa hai, maikoplazma hakuna, RT imeshuka na chembe, na bado ukipandikiza kwenye seli nyengine hakuna kinachokua. Hili linaweza kuwa jibu sahihi kabisa. Seli za CHO za hamsta wa China (mnyama mdogo wa jamii ya panya) hutoa chembe zinazofanana na retrovirusi zisizoambukiza, na dawa nyingi za kingamwili duniani hutengenezwa ndani yake kwa kulijua hilo. Seli za mdudu za Sf9 zina shughuli ya RT. Mwaka 1995 PERT iligundua RT kwenye chanjo za surua na matumbwitumbwi zilizokuzwa kwenye seli za kiinitete cha kuku. Uchunguzi ulionesha kuwa ilitokana na retrovirusi za kurithi za kuku, hakuna kirusi kinachoambukiza kilichopatikana, na chanjo zikaendelea kutumika. Nalitaja hili wazi kwa sababu wazazi wetu huuliza, na wanastahili jibu kamili.

Ila uhakikishe umechagua seli za kupokea zinazofaa. Kirusi cha panya cha aina ya ekotropiki hakiingii kwenye seli za binadamu, na cha ksenotropiki hakiingii kwenye seli za panya wengi wa maabara. Seli za Mus dunni hupokea aina nyingi za kirusi cha panya, ndiyo maana hutumiwa kukuzia, kisha maji yake hupimwa kwenye seli za paka za PG-4 ambazo huonesha madoa. Kwa virusi vya nyani na binadamu ongeza seli za binadamu. Zipitishe, yaani uzigawe kwenye chupa mpya (ndiyo pasaji), angalau mara tano kabla ya kusema hakuna. Chupa moja ya wiki moja haitoshi, hata kama mkubwa wa idara anasubiri ripoti. Mwongozo wa kimataifa wa ICH Q5A, wa mwaka 1997 na uliohuishwa 2023, unaeleza vipimo vinavyotakiwa kwa seli za kutengenezea dawa, na hata sisi tusiotengeneza dawa tunaweza kuuiga.

Kila kitu hasi, na bado huridhiki

Kwanza angalia kizuizi. Tia kiasi kidogo cha RT inayojulikana ndani ya sampuli yenyewe, na kiasi hicho hicho ndani ya bafa. Sampuli ikichelewa kwa mizunguko kadhaa, kuna kitu kinazuia. Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ni mtuhumiwa wa kawaida, na seramu nyingi pia. Punguza mara kumi, pima tena.

Pili, chumvi. RT ya VVU hupenda magnesiamu. RT ya virusi vya lukemia ya panya hufanya vizuri zaidi na manganisi, khasa kwenye kipimo cha zamani chenye kiolezo cha poli-A. Maabara iliyozoea VVU ikipima seli za panya kwa bafa moja tu inaweza kuikosa RT iliyo wazi. Tatu, kirusi kinaweza kuwa kimelala ndani ya jenomu. Seli huamshwa kwa dawa kama 5-azasitidini au iododioksiyuridini, kisha hupimwa siku kadhaa mfululizo. Dawa hizi ni sumu kwa seli na kwa mkono wako, na zikiua seli nyingi utarudi kwenye alama dhaifu za polimerasi nilizozieleza juu, kwa hiyo lazima kuwe na chupa ya pembeni iliyopewa dawa isiyoamsha kitu.

Sahani ya ELISA

Hapa nitasema machache. Visima vya pembeni vikiwa na rangi kali kuliko vya katikati, sahani ilikaa chini ya feni au kiyoyozi, ifunike. Rangi ikiwa juu sahani nzima, angalia maji ya kuoshea na midomo ya mashine ya kuoshea kabla ya kitu chengine. Sampuli unayoijua ina virusi vingi ikitoka chini kuliko inavyotarajiwa, ipime na upunguzo wa mara 10, 100 na 1,000, kwa sababu antijeni ikizidi mno kingamwili mbili hukosa kukutana juu yake na namba hushuka. Kumbuka pia kuwa p24 inahesabu hata virusi vilivyokufa: pikogramu moja ni sawa na chembe zipatazo 10,000, na zinazoambukiza miongoni mwao ni chache mno.

Sampuli ilikuwa chanya hapa, nje ikarudi hasi

Hadubini ya elektroni na vipimo vya kuambukiza mara nyingi hulazimu kupeleka sampuli nje ya kisiwa. Majibu yakipingana, watu huanza kubishana nani mjuzi zaidi. Uliza kwanza rangi. Mwambie aliyepokea akwambie maji ya sampuli yalikuwa na rangi gani yalipoyeyuka. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi. Ikivukiza ndani ya kasha, gesi hupenya mirija isiyofungwa barabara na kuyafanya maji ya kukuzia kuwa makali. Yaliyoondoka mekundu hufika manjano, na asidi hiyo huua uwezo wa kuambukiza huku RNA ikibaki inasomeka. Funga mirija ya kifuniko cha skurubu, zungushia parafilimu, tia kwenye mfuko mzito uliofungwa, ndipo uiweke kwenye barafu kavu.

Uliza pia ni kipimo gani walichofanya. Hadubini inataka chembe milioni moja hivi kwa kila mililita ili ione kitu kwa uhakika. PERT inaona chini ya hapo sana. RT chanya hapa na hadubini hasi kule si majibu yanayopingana, na ripoti iandikwe hivyo: "Shughuli ya RT imeonekana kwenye maji ya juu yaliyochujwa, pasaji ya 12, maikoplazma hasi, chembe hazikuonekana kwa hadubini ya elektroni, kipimo cha kuambukiza kinaendelea." Anayetaka neno moja, chanya au hasi, mweleze kwa upole kuwa bado halijapatikana, na chupa za akiba zibaki kwenye naitrojeni ya kimiminika zikiwa na alama nyekundu mpaka pasaji ya tano ya seli za kupokea imalizike.